Chini ya Tangi

Shemeji yangu alikibana kipande changu cha chuma kwenye jiliwa, akakikaza mpaka kikawa hakitikisiki, kisha akachukua nyundo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya wanafunzi wenzangu kumi na wanne, mikono nimeikunja kifuani, nasubiri kusifiwa. Wenzangu wote walikuwa vijana. Mimi nina miaka arobaini na tisa, na nimechomelea vyuma miaka ishirini na mitatu. Mtaani wananiita Mshono, kwa sababu pale ninapounganisha vyuma viwili panakuwa laini, na ukishapaka rangi hujui kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Chuoni sikuja kujifunza. Nilikuja kuchukua cheti, maana siku hizi kwenye majengo makubwa usipokuwa na cheti hata getini hupiti.

Mwalimu wetu ni mdogo wa mke wangu. Nilipomwoa dada yake, yeye alikuwa darasa la tatu, kapungukiwa meno mawili ya mbele, na akiniona tu ananyoosha mkono kuomba pipi. Leo anavaa ovaroli lenye kalamu tatu mfukoni na mimi ndiye ninayenyoosha mkono kuomba ruhusa ya kutoka. Nyumbani tunataniana mpaka mke wangu anachoka. Darasani namwita mwalimu, na kila nikilitamka neno hilo namwona anang'ata mdomo asicheke.

Alipiga nyundo mara moja, kipande kikapinda kidogo. Alipiga mara ya pili, kikakatika palepale nilipounganisha.

"Chuma hicho kibovu, mwalimu," nikasema.

"Chuma ni kilekile cha wote." Akaokota vipande viwili na kunionyesha. "Angalia. Juu pameshikana, ndani havijakutana kabisa. Unapunguza moto ili mshono utoke mzuri, na huachi hata upenyo kidogo katikati, kwa hiyo moto unaishia juujuu. Halafu unapitisha grinda na kuondoa hata hicho kidogo kilichokuwa kimeshika."

"Nimefanya hivyo miaka ishirini na mitatu."

"Najua, shemeji," akasema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza akasahau kwamba tuko darasani.

Nilidai agonge kipande changu cha pili. Kilikatika kwa pigo moja. Akafuata dada mmoja aliyekuwa msusi kabla ya kuja chuoni, ambaye mshono wake ulikuwa na mabonge kama dawa ya meno iliyokamuliwa na mtoto. Nilikuwa nimemcheka asubuhi. Chuma chake kiligongwa mpaka ncha zake mbili zikakaribia kugusana, na hakikuonyesha hata ufa. Nikajitia kufunga kamba za viatu.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia.

"Nasikia leo umevunjwa," mke wangu akasema akipakua chakula.

"Nimevunjwa mimi au chuma?"

"Mdogo wangu amesema vyote viwili."

Tukacheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko yeye, na kwa kweli nilishaanza kupoa, kwa sababu hata mtu mzima akikosea mtihani mmoja anaweza kurudia. Ndipo kitindamimba wetu, ambaye anasoma kilimo katika chuo hichohicho, akaanza kulalamika kuhusu mgongo. Walikuwa wamevuna karoti na walikuwa wakiziosha tangu saa nne, yeye na wasichana wenzake sita.

"Afadhali tunakaa chini ya tangi," akasema. "Kuna kivuli, na bomba liko hapohapo."

Tonge nililirudisha sahanini. Mnara wa lile tangi niliuchomelea mimi, miaka tisa iliyopita: miguu minne ya chuma kinene, kila mguu umeungwa katikati kwa sababu vyuma vilikuwa vifupi. Niliviunga kama ninavyounga kila kitu. Ulikuwa ndio kazi yangu kubwa kuliko zote na nimewapeleka watu wengi kuutazama. Juu yake lilikuwa tangi la lita elfu mbili. Mwezi uliopita idara ya kilimo iliongeza mashamba, wakalishusha na kupandisha la elfu tano.

Asubuhi nilifika chuoni kabla ya kengele nikauzunguka ule mnara. Hakukuwa na ufa wala kutu. Mshono ulikuwa laini vilevile, na nilipoupitishia kidole sikuhisi kitu, na kutohisi kitu huko ndiko kulikonitia baridi. Mtu hawezi kuona kwa macho kama ndani vyuma vimekutana. Lakini mimi sikuhitaji kuona, nilikuwa nakumbuka mkono wangu ulivyokuwa unafanya.

Sasa niseme ukweli bila kuupaka rangi. Nilijua la kufanya. Ofisi ya mkuu wa chuo ilikuwa hatua mia kutoka pale niliposimama. Lakini ningeingia na kusema nini? Kwamba mimi, Mshono, niliyejenga nusu ya mageti ya mji huu, kazi yangu haifai? Ningebaki na kazi gani baada ya hapo? Nani angemwita fundi aliyejitangaza mwenyewe kwamba ni mbovu? Nikajiambia mnara umesimama miaka tisa, utasimama na wiki tatu, mpaka nifanye mtihani, nipate cheti, kisha nitafute namna ya kuja kuuimarisha kimyakimya siku ya likizo. Hesabu zilikaa vizuri kichwani. Zilikaa vizuri kwa sababu nilizipanga mwenyewe.

Saa ya mapumziko nikamwita binti yangu pembeni, nyuma ya karakana ya majokofu, ambako viyoyozi vya mazoezi vinanguruma na hakuna anayesikia.

"Mwanangu, usikae tena chini ya lile tangi."

"Kwa nini, baba?"

"Wewe usikae tu. Osha karoti kwingine."

"Kwingine hakuna bomba." Akanitazama. Huyu mtoto amerithi macho ya mama yake, hayaondoki usoni kwako mpaka yapate yanachotaka. "Ule mnara si uliujenga wewe?"

"Ndiyo."

"Una tatizo?"

"Sijasema una tatizo. Nimesema usikae."

Aliwasikia wenzake wakicheka kule bustanini, na mimi nikawasikia.

"Na wenzangu je?"

Nilikuwa na majibu ya kila aina kwa wateja wakorofi, mageti yasiyofunga na vitanda vinavyolia. Binti yangu nikamwambia tu afanye anavyoambiwa na mzazi wake, nikaondoka haraka mtu asione uso wangu.

Siku iliyofuata tulikuwa tukijifunza kuchomelea upya kuanzia sifuri, tukiacha upenyo katikati na kuongeza moto. Mikono yangu ilikataa. Mkono uliozoea kitu miaka ishirini na mitatu hautaki kuambiwa. Nikatoboa chuma mara mbili, na yule dada msusi akanionyesha jinsi ya kushika, taratibu, bila kunicheka. Laiti angenicheka. Nikaomba ruhusa nikanywe maji.

Kutoka kwenye ndoo ya maji ya kunywa unaiona bustani yote. Wasichana walikuwa pale chini ya tangi, wamezunguka beseni kubwa. Sita kati yao walikuwa wakipiga soga. Wa saba alikuwa binti yangu, naye alikuwa ameegemeza mgongo kwenye mguu mmoja wa mnara, miguu ameinyoosha, anasugua karoti moja polepole kama mtu ambaye hana safari. Akainua kichwa akaniona. Hakuhama, wala hakunipungia mkono. Akaendelea kunitazama mpaka mimi ndiye niliyeinamisha macho.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Na katikati ya ile hofu nikaona aibu, kwa sababu jana nilipokuwa nikiwasikia wale sita sikuwa na hofu ya namna hii. Nilikuwa nimeilinda damu yangu peke yake na kurudi darasani nikijiona mzazi mwema. Kumbe nilikuwa nimemfanya mwanangu achague kati ya kunitii na kuwaacha wenzake, naye alikuwa ameshachagua.

Nikarudi karakanani. Shemeji alikuwa ameinama kwenye kazi ya mwanafunzi mmoja.

"Mwalimu, zima mashine," nikasema. "Mnara wa tangi la kilimo niliuchomelea mimi. Nilichomelea vilevile."

Hakuniuliza vilevile vipi. Alitupa glovu mezani akatoka akikimbia, na mimi nyuma yake, na darasa zima nyuma yangu. Wasichana waliondolewa, ukafungwa uzio wa kamba, na maji yakaachiwa yamwagike kwenye mitaro. Ilichukua saa mbili kulimaliza tangi. Wanafunzi wa majokofu nao wakatoka kutazama, mkuu wa chuo akaja na tai yake, akaambiwa, akanitazama. Mafundi wa chuo wakaingiza magogo manene kati ya jukwaa linalobeba tangi na ardhi ili yabebe uzito badala ya miguu. Kisha mtu akauliza nani atagonga. Nikasema nitagonga mimi.

Mguu wa kwanza niliupiga mara tatu kwa nguvu zangu zote. Haukufanya kitu. Watu wakaanza kunong'ona, na mkuu wa chuo akaangalia yale maji yote yaliyopotea. Sitadanganya, moyo wangu ulipaa. Niliwaza kwamba huenda siku ile mkono wangu ulikuwa mzuri kuliko ninavyoukumbuka, kwamba nitarudi nyumbani na jina langu, na watu watasema fundi huyu ni mwangalifu kupita kiasi. Nilitamani hivyo kwa roho yangu yote.

Mguu wa pili niliupiga mara moja, wala si kwa nguvu. Ukaachia. Rangi ilichanika, vyuma viwili vikapishana, na ndani ya ile nafasi tukaona ncha zake zikiwa bado na alama za msumeno za siku nilipovikata. Havikuwa vimewahi kushikana. Miaka tisa kimoja kilikuwa kimekaa tu juu ya mwenzake. Shemeji akanishika begani.

Binti yangu akapita chini ya kamba kabla hatujamzuia. Akachuchumaa kando ya ule mguu, akaweka kiganja kwenye chuma, chini kidogo ya pale palipoachia, kimo cha mtu aliyekaa.

"Hapa ndipo ninapoegemeaga, baba," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayenijulisha tu. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini wenzake sita walikuwa wamesimama nyuma ya kamba, mikono yao ingali na udongo wa karoti, wananitazama. Nao pia walikuwa wakinidai neno hilohilo. Kwa hiyo niliwageukia wote pamoja na kulisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wale wa majokofu, nikaongeza kwamba jana asubuhi nilijua, na nikamwambia mwanangu peke yake.

Kisha nikaenda kwenye mguu wa tatu.