Mwenye Mwiko Ndiye Anayechapa

Duka la Resty pale Bwera lina kompyuta mbili na mashine moja ya kuchapa. Ukutani kuna msumari, na kwenye msumari unaning'inia mwiko wa kusongea bugali. Mwenye mwiko mkononi ndiye anayechapa. Wengine wanakaa kwenye benchi.

Mwiko uliletwa baada ya watu wawili kuchapa kwa pamoja. Karatasi zilitoka zimechanganyika, mkulima mmoja wa Karusandara akaandikwa mjane mwenye watoto wanne. Kesho yake watoto wanne walifika kwake na magodoro yao, wakamwita mama. Bado anawalea.

Jumatatu mzee Thembo wa Kyondo alichukua mwiko. Alitaka barua ya shamba lake la kahawa, ambalo jirani alikuwa ameanza kulilima. Barua ilikuwa tayari ndani ya kompyuta, imebaki namba ya muhuri tu, na bila namba haichapwi. Muhuri ulikuwa ng'ambo ya barabara kwa mwenyekiti wa kamati ya ardhi, naye alisema hatoi namba mpaka aone barua imechapwa.

"Basi rudisha mwiko, mzee, wengine wachape," Resty alimwambia.

"Nikiuachia narudi mkia wa mstari. Nimeteremka mlima huu mara tatu kwa mguu, binti yangu."

Huku hakuna anayemnyang'anya mtu mwiko. Thembo akakaa. Jumanne mizizi myembamba ilitoka kwenye viatu vyake, ikaingia kwenye nyufa za sakafu. Jumatano mwiko ulichipua majani mawili. Resty aliumwagilia maji alipomaliza kufagia.

Alhamisi saa tano na nusu asubuhi aliingia Kavira, mama aliyekimbia vita kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, na binti yake Alliance wa miaka minne mgongoni. Mtoto alikuwa anapumua haraka haraka kama kuku aliyefukuzwa. Gari la wagonjwa la kwenda Kasese lilikuwa linaondoka saa sita, na bila barua ya mganga halichukui mtu. Barua ilikuwa kwenye simu yake. Resty aliiingiza kwenye kompyuta ya pili.

"Mwiko iko wapi?" Kavira aliuliza.

"Kwa mzee."

"Papa, minaomba. Dakika moja tu."

Thembo alimtazama mtoto. Alitazama ng'ambo, mwenyekiti alikuwa mlangoni kwake anakula karanga. Kisha alijaribu kufungua mkono, lakini vidole vilikuwa vimeshakuwa mti.

"Mama, mkono umekataa," alisema.

Ilikuwa saa sita kasoro robo.

"Chapa hivyo hivyo," Kavira alimwambia Resty.

"Itachanganyika na ya mzee."

"Dada, pumuzi ya mutoto haingoje mwiko."

Resty alibonyeza. Karatasi moja ilitoka: Thembo Alliance, miaka sitini na nane, mkulima, Kyondo, kifua kimebana, apelekwe haraka. Kavira aliisoma mara mbili. Jina la mtoto lilikuwemo. Akakimbia.

Dereva alisoma karatasi, akachungulia mgongoni kwa Kavira. Nywele zilikuwa nyeupe, na miguu ilikuwa mirefu, inaburuza vumbi.

"Panda, mzee," dereva alisema.

Mtoto alikuwa mzito kama gunia la kahawa, ila pumzi ilikuwa ile ile. Kavira alihesabu pumzi hizo mpaka njia panda ya Kikorongo, akapoteza hesabu, akaanza upya. Aliogopa kwamba huko mbele watatibu miaka sitini na nane, na ile minne hakuna atakayeiuliza.

Dukani, miguu ya Thembo haikufika tena chini. Mizizi ilining'inia hewani. Mwiko ulikuwa mrefu kuliko mkono wake, lakini hakuuachia.

Alasiri mwenyekiti alivuka barabara kwa mara ya kwanza.

"Barua ya shamba ni ya nani?"

"Ya huyu," Resty alisema.

Mwenyekiti alimwangalia. "Mtoto hawezi kuwa na shamba. Aje na mzazi wake." Akarudi kwake, akafunga mlango.

Resty aliumwagilia mwiko. Majani yalikuwa yamefika matano. Mtu mwingine aliingia na karatasi zake, akauliza mwiko uko kwa nani.

"Kwa huyu mtoto," walimjibu waliokuwa kwenye benchi, wakasogea kidogo, naye akakaa.