Mto wa Mshale

Jumatatu asubuhi, shangazi alikuwa bado anapuliza chai yake ofisini fundi wa mabango alipopiga simu kusema kwamba Mshale ameketi.

"Ameketi wapi?"

"Hapo hapo bangoni, mama. Mguu mmoja kaukunja, mwingine kaunyoosha."

Shangazi, afisa uhusiano wa kampuni ya maziwa, alimaliza chai kwanza. Mshale, mkimbiaji, alikuwa binti wa kaka yake, na ni shangazi aliyemwombea udhamini wa kampuni. Mabango ya mji mzima yalimwonyesha akikata utepe na pakiti ya maziwa mkononi, jambo ambalo hakuna mkimbiaji aliyewahi kulifanya, na chini yake maneno aliyoyatunga shangazi: Bega kwa bega mpaka mwisho.

Mwisho ulifika mapema. Mshale aliumia goti mazoezini, daktari akasema lipasuliwe, kampuni ikasema mkataba unahusu kukimbia, si matibabu. Sasa alikuwa kitandani nyumbani kwa shangazi, goti limefura. Picha yake ilivumilia wiki kadhaa, kisha ikachoka. Miguu ni miguu.

Shangazi alikwenda kwa meneja wa masoko akiwa na matumaini. "Bosi, sasa kila mtu analiona goti. Tumtibu, niandike taarifa leo leo."

Meneja alichungulia dirishani. Ng'ambo ya barabara, Mshale wa bangoni alikuwa akijisugua goti.

"Anapendeza akipumzika," alisema. "Andika: Maziwa ya kupumzikia."

Shangazi akaandika. Kazi ni kazi, lakini aliona aibu tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

Jioni alimsimulia Mshale huku akimkanda goti kwa kitambaa cha maji baridi. Mshale alitaka tu kujua picha imekalia nini.

"Imekalia lami ya pichani, mwanangu. Na mguu imeulaza hapo hapo."

"Masikini. Mpelekee mto wangu, shangazi."

"Na wewe je?"

"Mimi si nina wewe?"

Kesho yake shangazi alivua viatu, akapanda ngazi ya fundi, mto kwapani. Picha iliinua mguu kidogo, kama mtoto anayevalishwa soksi, naye akausukuma mto chini yake. Ikashusha pumzi. Fundi, aliyekuwa ameshika ngazi, alishauri mto usogezwe kushoto.

Kabla ya saa sita meneja alikuwa ameuona. Hakuuliza umetoka wapi. Alimtuma fundi huyo huyo apande tena, akachape nembo ya kampuni kwenye foronya.

Shangazi alirudi nyumbani, akakunja blanketi, akaliweka chini ya goti la Mshale, akaketi kando yake.

"Ameupokea?"

"Ameupokea. Nimemwacha amelala fofofo."

"Na goti lake?"

"Bado limefura."

Mshale alilipapasa la kwake. "Basi kesho ukipita mwambie tuko naye bega kwa bega, mpaka mwisho."

Shangazi, aliyeyatunga maneno hayo, aliahidi kumwambia, kisha akalia.