Matundu Mawili Yasiyosema

Haya nilihadithiwa na Odile Veilleux mwenyewe, mwezi wa tatu mwaka jana, tumekaa kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu tukingoja nguo zikauke. Nguo zilikauka, tukazikunja, na bado alikuwa hajamaliza.

Odile alikuwa amekata hesi miaka ishirini na sita. Hesi ni yale meno yanayozunguka ndani ya tundu la chuma, bolti ipate pa kushika, na katika karakana ya Normand, huko Beauce, wilaya ya misitu na theluji, hakuna aliyeyakata kwa usafi kumshinda. Kisha kifundo cha mkono wake wa kulia kikagoma. Daktari akakifunga kwa kitambaa kigumu, akamwambia mashine basi. Odile akapanda ngazi hadi ofisini, akasema anataka kujaribu chumba cha kuchora.

Normand akamtazama kwa juu ya miwani. "Odile, kule ni kompyuta tupu. Mwaka juzi ulinipigia simu kuniuliza simu inazimwaje."

"Na nikaizima."

Normand akacheka, asiseme ndiyo wala hapana. Siku ya pili akampa kipande kimoja cha kuchora. Kikitoka sawa, kiti cha kule juu ni chake. Likiharibika tundu, hata moja, aende nyumbani akapumzike, bila kinyongo. Odile alikuwa na miaka hamsini na minane, na neno lile "kupumzika" lilimwingia kama baridi ya mlango ulioachwa wazi.

Kipande chenyewe kilikuwa mwili wa pampu ya Fernand Grondin, ile inayovuta utomvu mtamu wa miti msituni ukachemshwe kuwa sharubati. Baridi ilikuwa imeupasua mwili wa zamani, na Fernand, kwa haraka zake, akampa mtu wa vyuma chakavu kabla hajamwuliza mtu. Utomvu ungeanza kutiririka wiki ileile. Kampuni iliyounda pampu ile ilikuwa upande wa pili wa mpaka, kwa watu wa inchi, ikanunuliwa na watu wa ng'ambo, ikafa mikononi mwao. Kilichobaki ni faili moja la mchoro, na kipande kimoja cha alumini kilichokuwapo karakanani cha ukubwa ule. Mashine ingeanza kukikata Alhamisi saa tisa alasiri.

Yannick Doyon, mchoraji wa pale, alilifungua faili mbele ya Odile asubuhi ya Alhamisi hiyo.

"Kipande cha kuletewa, kilichochorwa kwenye programu ya wengine, kina umbo ila hakina kumbukumbu," akamwambia. "Matundu unayaona, lakini faili halijui kama yalikuwa na meno, wala meno gani. Unayatia wewe. Unaweka nukta katikati ya tundu, unachagua hesi, ukubwa, na kina. Ila hapa rahisi, mama. Yako ishirini na mawili, yote upana mmoja, milimita tano na nukta moja. Programu yenyewe inakwambia ni hesi ya milimita sita. Yachague yote kwa mpigo, bonyeza hapa, kanywe kahawa."

"Na kama ni robo inchi?"

"Faili limekuja kwa milimita."

"Na mimi leo nimekuja na koti la dada yangu. Mimi ndiye dada yangu?"

Yannick akacheka, lakini Odile hakuwa akitania. Kule Beauce watoto hufundishwa milimita shuleni, na mbao, mabomba na bolti za baba zao ni inchi. Kila mtu ana vipimo viwili kichwani, na kila mtu siku moja huvichanganya. Mkono wake ulikuwa unalijua tundu la tano na nukta moja. Tundu hutobolewa jembamba kuliko bolti ili meno yakatwe ndani yake, na hilo linaikubali robo inchi sawasawa, na linaikubali sita kwa kulegea kidogo tu. Lilikuwa tundu la kusema ndiyo kwa zote mbili.

Basi akaacha kulitazama tundu, akaanza kupima nafasi kati ya tundu na tundu. Kipanya alikishika kwa mkono wa kushoto, na mshale wake ulitembea kwenye skrini kama mlevi anayetafuta mlango wake. Kwenye uso wa mbele, wenye matundu kumi na mawili, tundu hadi tundu, thelathini na nane na nukta moja. Lililofuata, thelathini na nane na nukta moja tena. Kisha sitini na tatu na nusu.

"Njoo uone," akasema. "Mtu anayewaza kwa milimita ataweka tundu mahali pa nukta moja kwa nini? Ataweka thelathini na nane, au arobaini. Hii ni inchi moja na nusu. Na hii ni inchi mbili na nusu."

Yannick akavuta kiti chake karibu. Ubavuni kulikuwa na matundu manane, na huko nafasi zilikuwa arobaini, sitini, arobaini. Hayo yaliongezwa na wale wa ng'ambo, wenye milimita zao.

"Kwa hiyo kumi na mawili robo, manane sita," Yannick akasema polepole. "Mimi ningeyatia yote sita."

"Wewe ungeenda kunywa kahawa."

Odile akayatia meno moja moja. Nukta ikikaa pembeni ya kitovu, programu ilimgomea, naye aliifuta akaiweka tena, bila kulaani, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Ilipofika saa sita kasorobo yalibaki mawili, kwenye mguu wa pampu, peke yao. Akapima nafasi iliyo kati yao. Mia na ishirini na saba.

"Inchi tano kamili," akasema Odile.

"Milimita mia na ishirini na saba kamili," akasema Yannick.

Wote wawili walikuwa sahihi, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu. Yannick akasema weka robo, kwani yako upande mmoja na yale kumi na mawili. Odile mwenyewe aliona hivyo hivyo, ni robo. Kidole kikakaa juu ya kipanya. Halafu akakiondoa.

Akashuka karakanani, akalichukua kopo la kahawa ambalo Fernand alilileta likiwa na bolti alizofungua kwenye pampu, akalimimina juu ya meza. Za robo, kumi na mbili. Za sita, nane. Za mguuni hazikuwemo. Akampigia Fernand simu.

"Zile mbili ndefu?" Fernand akasema. "Nimefungia bawaba ya mlango wa kibanda cha kuchemshia."

"Zifungue."

"Odile, mlango huo ndio kitu pekee kwangu kinachofunga vizuri. Mke wangu anasema hata mdomo wangu haufungi hivyo."

"Basi nakuja mwenyewe."

"Theluji ni ya magoti huku."

"Magoti ninayo mawili."

Mlangoni alimkuta Normand. "Unakwenda wapi? Alumini iko juu ya mashine."

"Kwa Fernand. Kuna matundu mawili sijui ni ya nini."

"Mawili tu? Si ukisie?"

"Ulisema hata moja, Normand."

Normand akampisha.

Aliliacha gari barabarani, akapanda mlima kwa miguu, mkono uliofungwa ameubana kifuani, na mfukoni mwa koti la dada yake mna nati mbili, moja ya robo na moja ya sita. Fernand alifungua bawaba huku akinung'unika, mlango wote ukamwegemea begani. Odile akazitazama bolti. Vichwa vyake vilikuwa bado na rangi ya kijani ya pampu, hivyo ndizo zenyewe. Akavua glavu kwa meno. Akaanza na nati ya robo, kwa sababu ndiyo aliyoiamini.

Nati iliingia, ikacheza kama jino la mtoto, ikakwama mzunguko wa pili. Akadhani ni baridi ya vidole. Akaipasha mdomoni, akajaribu tena. Ikakwama palepale. Ndipo akachukua ya sita, na hiyo ikateremka kwa kidole kimoja mpaka kichwani, kimya. Bolti ya pili ikafanya vilevile.

Akazitia bolti zote mbili mfukoni.

"Ni sita," akasema. "Ningeyaharibu."

"Ya kuharibu utayasema baadaye," Fernand akasema chini ya mlango. "Nipe waya huo hapo chini niufungie mlango."

Saa nane na nusu alikuwa mbele ya skrini, buti zikichuruzika maji sakafuni. Akayatia yale mawili hesi ya sita. Kisha, kwa kuwa sasa alijua faili husahau njiani, akaandika kwa maneno kando ya kila tundu, yote ishirini na mawili, kipimo chake na kina chake. Saa tisa kasoro dakika nne akalipeleka chini.

Ijumaa mchana mwili wa pampu ulitoka kwenye mashine, unang'aa. Normand hakumwachia mtu. Alimimina kopo mwenyewe, akazifunga bolti kwa vidole, moja moja, bila spana. Odile alisimama ng'ambo ya meza akiangalia vidole vile, hakuangalia uso. Kumi na mbili zikateremka. Nane zikateremka. Zile mbili ndefu Normand alizishika kwa pamoja, mkono huu na mkono huu, akazizungusha. Zikaenda mpaka chini.

Akaenda kwenye mashine ya zamani ya Odile, akarudi na mto mdogo uliochakaa, ule aliokuwa akiukalia miaka yote ishirini na sita, akapanda nao ngazi. Odile alipomfuata akamkuta ameuweka kwenye kiti kilicho mbele ya skrini.

"Kiti hiki kigumu," Normand akasema, akatoka.

"Jumatatu kuna kingine," Yannick akasema bila kugeuka. "Cha kuletewa. Matundu mia tatu."

"Kwa mpigo?"

"Aa, mama. Moja moja."

Jioni Odile alipasha supu ya dengu za manjano. Dada yake, Rolande, alimgombeza kwa ajili ya koti, kwamba pindo limeloa na mfukoni mmeachwa vyuma, kisha akasinzia mbele ya televisheni kabla hajamaliza kugomba. Odile akazitoa zile nati mbili, akaziweka mezani kando ya bakuli. Akamaliza supu. Akavua buti la kushoto, akaegemea kiti ajipumzishe kabla ya kuvua la kulia, na usingizi ukamchukua hapo hapo.