Maji Aliyoyakosa Vincent

Katika miaka mitatu ya masomo ya bweni, Wendy Wakesho alikuwa amefaulu katika mambo mengi yasiyokuwemo kwenye silabasi. Aliwahi kumfunga mbuzi wa mpishi kwenye kiti cha naibu mwalimu mkuu. Aliwahi kuitisha mkutano wa dharura wa viranja wote, kwa barua yenye muhuri wa kiazi, nao wakaja, wakakaa saa nzima kwa heshima wakimngoja aliyewaita. Kwa hivyo mama yake, Tryphena, aliposikia kwamba huyu ndiye atakayemsindikiza Vincent kwenye zoezi la tiba, aliweka kisu cha mboga chini akauliza, "Kwani hakukuwa na mwingine?"

Hakukuwa. Vincent, kaka yake Wendy, alikuwa anatimiza miaka ishirini na sita Ijumaa hiyo, na watu aliowavumilia wamtazame usoni walikuwa watatu tu: mama, Wendy, na Nuha, mtaalamu wa saikolojia mwenye chumba kidogo juu ya duka la vitambaa mjini Voi.

Mtaani walisema Vincent ana madharau. Wengine walisema ni mpole tu, angefaa kuwa padri. Mwaka uliopita aliitwa kazini Wundanyi, kazi ya kuchora ramani za mashamba, ile ile aliyoisomea. Alifika hadi langoni, akaona watu watano wamesimama barazani wakipiga soga, akageuka akarudi nyumbani. Sasa walikuwa wamemwita tena. Jumatatu, saa tatu asubuhi. Barua ilisema waziwazi kwamba hawataita mara ya tatu.

Wiki mbili kabla, Vincent alikubali Wendy aingie naye kwa Nuha, na Wendy akaketi kwenye kochi akiwa na sura ya mtu aliyekuja mazishini.

"Haya ya huyu si ya kawaida, mwanangu," Nuha alimwambia, kwa Kiswahili chake cha pwani kisicho na haraka. "Wapo watu hawataki wenzao, wametosheka na nafsi zao. Kaka yako si katika hao. Yeye anawataka watu mpaka kifua kinamuuma. Ila ana yakini kwamba wakimtazama vizuri watamwona hafai. Basi huondoka kabla hawajamtazama. Sisi twaiita haiba ya kukwepa. Haikuanza jana, na haitakwisha kesho."

"Na dawa yake?"

"Ngazi. Kipandio kimoja, halafu kingine."

Vipandio vilikuwa kwenye daftari la Vincent. Kabla ya kila zoezi aliandika analolihofia, na baadaye akaandika lililotokea. *Nitamsalimu jirani Teresia, atanicheka.* Halafu: *Teresia alinipa ndizi.* Kurasa saba zilikuwa hivyo, hofu upande mmoja na ndizi upande wa pili, na Vincent alizisoma kama mtu anayesoma habari za nchi ya mbali.

Siku hiyo kwa Nuha, akiyatazama magoti yake, alisema jambo ambalo Wendy hakuwahi kulisikia. Kule shuleni kwake, mtu akifikisha siku ya kuzaliwa, wenzake humvizia wakammwagia maji. Kila mwaka siku yake ilipofika, Vincent alijificha nyuma ya kanisa la shule tangu kengele ya chakula hadi kengele ya kulala.

"Uliogopa kulowa?" Nuha aliuliza.

"Hapana. Niliogopa kukaa bwenini, nione hakuna aliyebeba ndoo."

Ndani ya kichwa cha Wendy, taa iliwaka, na kila aliyesoma naye angeweza kukuambia kwamba taa hiyo ikiwaka ni vizuri kusimama mbali.

Zoezi la Ijumaa lilikuwa hili: Vincent aingie hoteli ya Zaitun karibu na stendi, wakati wa watu wengi, aagize chai, kisha amwite Zaitun na kumwomba aongeze sukari. Basi. Hilo ndilo lingemtayarisha kwa baraza la Wundanyi.

"Na wewe," Nuha alimwambia Wendy, "utakaa meza nyingine. Usifanye lolote. Nimesema lolote, Wendy."

Wendy aliitikia kwa kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Kutofanya lolote ndilo somo pekee ambalo hakuwahi kulipata hata alama ya kufutia machozi.

Alilifikiria jambo lile kwa makini, na tusimwonee: lilikuwa na mantiki. Kule bwenini hakuna anayepoteza maji kwa mtu asiyempenda. Maji yanachotwa mbali. Mtu anayechukiwa huiona siku yake ikipita akiwa mkavu kama chaki. Basi ikiwa ugonjwa wa Vincent ni kudhani hakuna amtakaye, kwa nini apande ngazi miezi na miezi ilhali beseni moja tu linaweza kumfikisha juu? Aliwatafuta Sylus na Mutunga, waliosoma darasa moja na Vincent. Walifurahi sana.

"Vinny? Si tulidhani alihamia Nairobi!" Sylus alisema. "Mwaka wa mwisho tulimtafuta na ndoo mpaka tukachoka."

"Mlimtafuta?"

"Si alitufundisha hesabu bweni zima? Tulitaka kumwosha kabisa!"

Wendy alikaribia kulia. Angemwambia Vincent maneno hayo jioni ile ile, mambo yangekuwa mengine. Lakini aliyaweka akiba, yawe sehemu ya sherehe.

Ijumaa saa nne, Vincent aliingia hotelini amevaa shati lililopigwa pasi mara mbili. Wendy alikaa karibu na mlango. Zaitun alileta chai, akaenda. Vincent aliitazama. Dakika mbili. Tatu. Kisha akainua kichwa.

"Mama Zaitun." Sauti ilitoka ndogo. Akairudia. "Mama Zaitun, naomba uniongezee sukari."

"Haya, baba, chukua yote," Zaitun alisema, akamsogezea kopo, akaendelea na mahamri yake. Dunia haikupasuka. Vincent alitia sukari, akakoroga, na pembeni mwa mdomo wake pakatokea kitu ambacho Wendy hakuwa amekiona tangu yeye mwenyewe akiwa darasa la pili. Alikuwa anataka kutabasamu.

Hapo ndipo Sylus na Mutunga walipoingia kwa mlango wa jikoni na beseni.

Wendy aliinuka. Kwa mara ya kwanza maishani alitaka kuuzuia utundu wake mwenyewe, na aligundua kwamba hajui utundu unazuiwa vipi. Maji yalishuka yote. Hoteli nzima ililipuka kwa kicheko. Watu walipiga meza, wakaimba, mzee mmoja akasimama kupiga makofi. Hakukuwa na ubaya hata chembe katika kicheko kile. Vincent alikaa katikati yake, maji yakimchuruzika puani, akatabasamu sawasawa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Asanteni," alisema. Akatoa leso, akapangusa kiti, akapangusa meza. "Mama Zaitun, samahani kwa sakafu yako." Kisha akaondoka, bila haraka, akafuata njia ya reli kuelekea nyumbani.

Wendy alipofika, mlango wa chumba cha Vincent ulikuwa umefungwa. Daftari lilikuwa limeachwa mezani sebuleni, wazi. *Nitaingia, watanicheka.* Na upande wa pili: *Walinicheka.*

Alimsemesha kupitia mlango hadi sauti ikakauka. Alimweleza habari za ndoo ya mwaka wa mwisho, jinsi walivyomtafuta.

"Umefanya vizuri kuniambia," Vincent alijibu kwa upole. "Lakini hayo ni ya kunifariji, Wendy. Najua unanipenda."

"Si ya kukufariji! Muulize Sylus!"

"Sina neno na mtu. Nenda ukale."

Jumamosi asubuhi Wendy alipanda ngazi za duka la vitambaa akakiri kila kitu, kitu ambacho hakikuwahi kutolewa kwake hata kwa fimbo. Nuha alimsikiliza hadi mwisho.

"Twende umtoe," Wendy alisema.

"Nikimtoa mimi, wiki ijayo atatolewa na nani? Nitamwandikia. Saa yake ya Alhamisi ipo, nitakuwa hapa. Kuteleza ni katika tiba, mwanangu, wengi huteleza wakapanda tena."

"Kabla ya Jumatatu?"

Nuha aliitazama meza yake. "Jumatatu iko karibu mno," alisema.

Jumatatu saa moja, hata hivyo, mlango ulifunguka. Vincent alitoka amevaa koti, bahasha ya vyeti mkononi. Mama Tryphena aligeukia jiko haraka ili asionekane akimtazama. Nje, Muli wa bodaboda alikuwa anangoja kumpeleka stendi, awahi Wundanyi saa tatu. Vincent alivuka ua. Alifika langoni. Aliweka mkono kwenye komeo.

"Vinny!" Muli aliita kwa furaha ya kweli kabisa. "Nasikia Ijumaa walikuosha pale kwa Zaitun! Mji mzima unasema!"

Vincent alitabasamu. "Ni kweli," alisema. "Nimesahau kitu ndani, nakuja."

Mlango ulifungwa polepole.

Muli alimtazama Wendy. "Nimesema vibaya?"

Wendy alitafuta kichwani. Alikuwa na njia kumi na moja za kumtoa mwalimu ofisini na sita za kumtoa kiranja msalani. Alizipitia zote.

"Hapana," alisema. "Ngoja kidogo."

Muli alizima injini. Alingoja. Saa moja na nusu akapigiwa simu, akaenda kumchukua mtu, akarudi. Akaenda tena, akarudi tena. Mama akamtolea kikombe cha chai, akakinywa amesimama juani, na hakuna aliyeangalia saa.

Dirisha la chumba likafunguka kidogo.

"Wendy," sauti ya Vincent ilisema, "mwambie Muli samahani kwa kumchelewesha."

"Hakuna shida, Vinny!" Muli alipaza sauti. "Mimi niko tu!"

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.