Kamba za Viatu vya Mwalimu

Gerejini kwa Fundi kulikuwa na sheria moja tu, na aliyeijua kuliko wote ni mumewe: Mwalimu asiguse kitu. Akae kwenye stuli yake, anywe chai yake, apige soga apendavyo, lakini spana aziache zilale. Haikuwa chuki. Wiki ya kwanza ya ndoa yao alijitolea kusaidia kukaza nati moja, akaikaza mpaka boliti ikakatika kichwa, na Fundi akamaliza siku nzima akichokonoa kipande kilichobaki ndani. Tangu hapo, miaka kumi na moja, kila mume aliponyoosha mkono mke alisema, "Acha, nitafanya mwenyewe." Naye akaacha. Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema kila siku, na kila siku kuna mtu anajaribu.

Lakini tusimwonee Mwalimu. Huyo aliyeshinda wiki nzima akifundisha darasa la kwanza kuhesabu na kupenga kamasi, ukimweka kwenye usukani alikuwa mtu mwingine kabisa. Gari lao la mashindano, jekundu, fupi, la zamani kuliko ndoa yao, lilimtii. Mke alitengeneza, mume na shemeji yake, yaani mdogo wake Fundi aliyeitwa Bonge, wakaendesha kwa zamu. Hivyo ndivyo walivyoingia mbio za saa ishirini na nne mara tano, na mara zote tano gari likafia njiani. Mara gia, mara radiata, mara kitu kidogo cha kutia aibu hata kukitaja.

Mbio zile hazina huruma. Zinaanza saa kumi alasiri na kwisha saa kumi alasiri ya kesho yake. Ikishapiga saa kumi, unapewa dakika kumi za kuvuka mstari kwa nguvu za injini yako. Usipovuka, hata uwe umezunguka mara mia tano, jina lako haliandikwi popote. Mara tano hawakuandikwa. Safari hii Fundi alikuwa ameapa, na si mtu wa viapo vya mdomoni: wasipomaliza, gari linafunikwa turubai, na yeye anabaki kutengeneza magari ya watu.

Usiku ukapita salama, asubuhi ikapita, saa nane ikapita. Fundi hakulala wala kukaa. Saa tisa na nusu, ndani ya kibanda chao kando ya njia, Bonge alikuwa amemaliza zamu yake na anashambulia sahani ya wali. Mwalimu ndiye aliyekuwa njiani.

"Dada," Bonge akathubutu, "mwaka huu tunamaliza."

"Nyamaza! Mdomo uliponza kichwa."

Na kweli. Kwenye televisheni ya kibandani gari jekundu lilipunguza mwendo, likajisogeza kwenye nyasi upande wa mbali kabisa wa njia, likasimama. Sauti ya Mwalimu ikaja redioni, ya upole kama ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

"Fundi, pedali ya mafuta imelala. Injini inawaka, ila nikikanyaga haisikii."

Fundi alijua kabla mumewe hajamaliza. Kebo ya mafuta imekatika. Kwa mikono yake ni kazi ya dakika nne. Lakini sheria za mbio ni ngumu kuliko za gereji: gari likisimama njiani, anayeruhusiwa kuligusa ni dereva peke yake, kwa vifaa vilivyomo ndani ya gari. Wenzake wanaweza kusema naye kwa redio, basi.

Hapo Fundi akakumbuka. Juzi, akipunguza uzito wa gari, alifungua mfuko wa vifaa nyuma ya kiti, akatoa kebo ya akiba, playa na spana zote. Akaacha bisibisi moja na selotepu. Kilo mbili nzima. Alijiambia moyoni: vya nini? Atavitumia nani, Mwalimu?

"Mwalimu," alisema. "Kebo ya akiba haimo. Niliitoa mimi."

"Najua. Nilikuona."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mke wangu? Ulikuwa sahihi. Nisingejua kuifunga."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Matusi Fundi aliyazoea, wateja wanayo tele. Upole ule ndio uliomchoma. Alimpenda mtu yule, alimpenda sana, na alikuwa amemkalisha kwenye stuli miaka kumi na moja kama mgeni.

"Fungua boneti," alisema. "Juu ya injini utaona kitu—"

"Kabureta," akasema Mwalimu, redio ndogo ikiwa kifuani mwake. "Nimeshafungua. Kebo imekatikia huku chini, kwenye pedali. Kile kijiti cha springi nikikivuta kuja nyuma, injini inapanda. Nimekijaribu kwa kidole."

Fundi akamgeukia mdogo wake. "Haya kajifunzia wapi?"

"Kwenye stuli," Bonge akajibu, mdomo umejaa. "Anakaa pale kila jioni. Ulidhani anaangalia nini, chai?"

Redio ikakwaruza tena. "Nina wazo. Ila msinicheke."

Kwenye televisheni Mwalimu aliketi kwenye nyasi, akaanza kufungua viatu. Mtangazaji wa vipaza sauti alipata la kusema: "Dereva wa gari jekundu anavua viatu, ndugu zangu! Nadhani amefika nyumbani!" Jukwaa zima likacheka. Mwalimu alichomoa kamba za viatu vyote viwili, akaziunga zikawa moja ndefu, akainuka na kuinama chini ya boneti.

Fundi alikuwa amebonyeza kitufe cha redio. Alitaka kusema kamba haitashika, kijiti kile kina grisi, itateleza kabla ya kona ya kwanza. Neno "acha" lilikuwa limefika kwenye meno. Alilimeza, akamsukumia Bonge redio.

"Shika hii. Nikikuomba, usinipe."

"Kwa nini?"

"Nitamharibia."

Akasimama mikono kwapani, mbele ya televisheni, akiwa hana cha kukaza wala kulegeza. Katika saa zote zile hakuna zilizomchosha kama dakika hizo. Saa kumi kasoro robo, mumewe alikuwa bado ameinama. Kasoro dakika kumi, aliipitisha kamba kwenye upenyo wa boneti, akaiingiza dirishani. Kasoro tano, aliikandika boneti kwa selotepu, akaingia ndani. Saa kumi ikapiga, na magari mengine yakaanza kuvuka mstari kwa honi na vifijo.

Gari jekundu likashtuka, likaruka, likazima.

"Nipe redio!" akasema Fundi.

"Sikupi," akasema Bonge.

Likawaka tena. Likaondoka kwa kwikwi, gia ya pili, Mwalimu mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukivuta kamba, kama anayeburuta mbuzi mkaidi. Kila kona alilegeza, kila penye unyoofu akavuta. Jukwaa liliacha kucheka, likaanza kumhesabia. Saa kumi na dakika nane alivuka mstari, wa mwisho kati ya wote waliomaliza, na mzee wa bendera akaipunga bendera ya miraba kwa mikono miwili.

Fundi alikimbia. Yeye asiyemshika mumewe mkono mbele za watu alimkumbatia mtu mwenye jasho la siku nzima na soksi zilizojaa nyasi, akalia bila kujificha.

"Nisamehe," alisema.

"Kwa ajili ya kilo mbili tu?"

"Kwa ajili ya stuli."

Mwalimu alimfuta machozi kwa kidole cheusi, akamwachia alama ya grisi shavuni.

Bonge alibandua selotepu, akainua boneti. Kamba ilikuwa palepale kwenye kijiti, haijasogea hata unywele. Fundi akaliangalia fundo, kisha mikono yake, maana haiwezi kutulia, ikaanza kulifungua. Akavuta huku, likakaza. Akavuta kule, likakaza zaidi. Vidole vilivyolegeza nati za kila aina vilishindwa na kamba ya kiatu.

"Fundo gani hili?"

"La darasa la kwanza," Mwalimu alisema. "Wana miguu themanini wale. Ukiwafungia fundo la kawaida, kengele ya mapumziko haijalia yameshafunguka yote."

Akanyoosha mkono kumsaidia. Ukafika nusu ya njia, ukasimama hewani, naye akamtazama mkewe usoni.

Fundi alitoa mikono yake kwenye injini, akasogea, akampisha.

"Nionyeshe," alisema.

"Njoo karibu basi," Mwalimu akamwambia, akainama. "Shika hapa kwanza. Usivute."