Alama Kwenye Meno ya Kadi

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi, na siku ile dukani machale yalinicheza mapema. Muuzaji alituwekea mezani kadi mbili za grafiki, zile za kuipa kompyuta nguvu ya kuonyesha picha. Moja nene, ina feni tatu na taa za kila rangi. Nyingine nyembamba, nyeusi, feni moja tu, na bado ndiyo ya bei ya juu. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ndiye fundi wa kompyuta zetu, akaichukua ile nyembamba bila hata kuitazama ile nyingine.

"Shemeji, unanichagulia mimi au unamchagulia adui yako?"

Akacheka. "Ile yenye taa ni ya wacheza gemu, shemeji yangu. Hii ni ya kazi. Kumbukumbu yake kubwa, ikikosea inajisahihisha, na programu yako ya kuhariri video imejaribiwa nayo. Itapiga kazi kutwa nzima bila kulalamika, tofauti na wewe."

Muuzaji naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichoniudhi. Nikajiambia hawa wawili lao moja, na shemeji hapa ana cha juu chake.

Lakini nilinunua, ningefanyaje? Studio yetu ni chumba kimoja. Kiwanda cha magodoro kilitaka tangazo lake Ijumaa saa sita mchana, na kikiridhika kingetupa kazi zote za mwaka. Kompyuta yetu, kila magodoro yakianza kuzunguka kwenye skrini, ilikuwa inaganda.

Tuliporudi studio, shemeji akasema ataichukua kompyuta akaifungie kadi kwenye karakana yake. Hapo nikawaza. Kadi inaondoka mpya, itarudi ipi? Alipoinama kukunja nyaya za kompyuta, niliitoa kwenye boksi, nikachomoa rangi ya kucha mkobani na kuipaka kidogo kwenye yale meno ya dhahabu yanayochomekwa ndani ya kompyuta. Pale nilipachagua makusudi, maana kadi ikishachomekwa hapaonekani. Nikapuliza ikakauka, nikairudisha. Nilijiona mjanja kupita kiasi.

Aliahidi Alhamisi. Alhamisi usiku akapiga simu.

"Nisamehe shemeji, mpaka kesho."

"Kwani kuna nini?"

"Vumbi tu."

Vumbi, kwenye kadi mpya! Usiku huo sikula.

Ijumaa saa tatu asubuhi akaja na kompyuta, amechoka, macho mekundu. Mama mkwe alikuwepo, maana hushinda studio akitukosoa. Shemeji akawasha, magodoro yakazunguka laini, bila kukwama hata mara moja. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilimwambia azime. Nikachukua bisibisi, nikafungua, nikachomoa kadi na kuipeleka dirishani. Meno yote yalikuwa safi, yanameremeta.

"Hii si kadi yangu!" nikapiga kelele. "Umeibadilisha! Mwizi wewe, na mama yako akusikie!"

Mama mkwe akashika kifua. "Umejuaje, mwanangu?"

"Niliitia alama."

"Alama wapi?" shemeji akauliza taratibu.

"Hapa kwenye meno. Nyekundu."

Hakubisha. Alifungua mkoba wake wa vifaa, akatoa donge la pamba na kuliweka mezani. Lilikuwa jekundu. Mama mkwe akalitazama, kisha akavitazama vidole vyangu vilivyoshika kadi. Nilitamani kuzificha kucha zangu, lakini mkono ulikuwa umeshaonekana.

"Kompyuta ilikuwa haiioni kadi," shemeji alisema, akimwambia mama yake na si mimi. "Nimehangaika siku mbili kutafuta ubovu. Jana jioni ndipo nikaiona hiyo rangi. Nikadhani imemdondokea kwa bahati mbaya, sikutaka aaibike, nikasema vumbi. Watu wa magodoro niliwapigia nikawaambia mchelewaji ni mimi. Wametuongezea muda hadi saa kumi."

Kisha akanigeukia. "Rangi niliijua ni yako. Nilichokuwa sikijui ni kwa nini uliipaka."

"Shemeji..." nikasema. Aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia tena.

Akaichukua kadi mkononi mwangu, akaifuta nilipoishika, akaichomeka na kukaza skrubu moja moja. Magodoro yakaanza kuzunguka tena, laini vilevile. Tangu niolewe, mtu huyu hajawahi kutoka kwangu bila utani, ama chai yangu nyepesi, ama kaka yake anayekoroma. Nilisimama nikiusubiri, hata ungekuwa wa kuniumiza.

Akatundika mkoba begani, akasimama mlangoni.

"Kazi yako tayari, mteja," akasema. "Karibu tena."