Beringi ya Gurudumu la Kushoto

Landirova la wahamishaji, wale waliokuwa wakiwahamishia watu vijiji vipya kwa nguvu, lilisukumwa hadi uani kwa Fundi Mabruki, mtaa wa Ng'ambo, Tabora, Jumanne saa mbili asubuhi, Septemba ya mwaka sabini na nne. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limechemka. Tone la maji likiliangukia lilikauka papo hapo. Dereva, Hilari, alisema limelia njia nzima, siku nne za kuzunguka vijijini tangu Ipole.

"Linaliaje?" Mabruki aliuliza.

"Kama mtu."

Mabruki alipiga jeki, akatoa gurudumu, akachomoa shafti, akafungua nati. Beringi ya nje ilitoka yenyewe. Ya ndani ilikuwa imeng'ang'ania ekseli. Aliigonga kidogokidogo kwa kipande cha shaba, huku na huku, asije akaipasua, maana mwaka ule beringi mpya hazikupatikana Tabora wala Dar es Salaam. Aliiosha kwa mafuta ya taa. Mafuta yakawa mekundu. Akayamwaga, akaiosha tena, akaisogeza sikioni na kuizungusha kwa kidole.

"Niacheni nizime moto kwanza," beringi ilisema. Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, yenye lafudhi ya Kinyamwezi.

Akaizungusha tena.

"Mguu wangu. Dereva, mguu wangu."

Mabruki alimtazama Hilari.

"Ni Lugembe, mrina asali," Hilari alisema. "Alikataa kuhama. Bwana Raymundi, mkuu wetu wa kuhamisha watu, akaagiza nyumba ichomwe, na mwenyewe afungwe kamba nyuma ya gari. Mimi niliambiwa niendeshe."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka aliponyamaza."

Mabruki alikagua rola moja moja. Tatu zilikuwa zimeliwa, na chuma kimegeuka buluu kwa joto. Beringi ya namna hiyo hairudishwi. Alifungua upande wa kulia, pengine huko angepata nzima. Katika beringi ya nje alimkuta mwanamke akiita watoto wake kwa majina. Katika ya ndani kulikuwa na kikohozi cha mtoto aliyevuta moshi. Aliziosha kila moja kwenye kopo lake, wasije wakachanganyika.

Adhuhuri aliingia mwanamke mwenye miguu iliyojaa vumbi hadi magotini. Alikuwa Apolinaria, mke wa Lugembe. Alikuwa ametembea siku tatu akifuata alama za matairi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama."

"Watu wa njiani wameniambia mume wangu yuko hapa."

Mabruki alimpa kigoda, kisha akampa beringi. Aliizungusha taratibu. Lugembe alisema yote aliyoyasema siku ile: moto, kamba, mguu. Alimwita mama yake. Mwisho kabisa akamwambia Apolinaria kwamba mizinga ya bondeni ilikuwa tayari kurinwa.

"Hilo sikulisikia," Apolinaria alisema. "Nilikuwa nimejificha kwenye mtama." Machozi yalimtoka naye hakuyafuta. "Walinipa kiatu tu nikizike. Nipe hii, fundi."

"Chukua."

Alikuwa bado anaifunga kwenye pindo la khanga Raymundi alipoingia na vijana wake wawili wenye marungu.

"Kesho nina watu wa kuhamisha upande wa Igalula," Raymundi alisema. "Gari limefikia wapi?"

"Beringi imekufa, bwana," Mabruki alisema. "Na ina mwenyewe."

"Inazunguka?"

"Inazunguka."

"Rudisha."

"Sirudishi."

Raymundi hakupandisha sauti. Vijana waliubana mkono wa kushoto wa Mabruki juu ya fuawe. Raymundi aliokota nyundo, akavunja kidole gumba, akangoja, akavunja cha shahada. Mfupa ulitokeza nje. Mabruki alipiga yowe, na jirani akafunga dirisha. Hilari alitazama chini. Kisha Raymundi akaagiza mkono wa kulia.

Apolinaria akasimama.

"Mwacheni," alisema. "Huo ndio anaolia ugali."

Akafungua pindo la khanga, akaisogeza beringi mdomoni. "Lugembe, nimekusikia," akasema, akaiweka kwenye kiganja kizima cha fundi.

Mabruki aliijaza grisi kwa mkono mmoja, akiishindilia mpaka ikatokeza upande wa pili. Lugembe sasa alisikika kama mtu aliyejifunika blanketi. Damu ya fundi iliingia humo pamoja na grisi, kwa kuwa hakuwa na kitambaa. Apolinaria alimshikia gurudumu. Nati ikakazwa, ikalegezwa kidogo, ikafungwa. Mwanamke na mtoto wakarudishwa upande wao wa kulia. Saa kumi gari liliondoka.

Apolinaria alihamishiwa kijiji kipya, akapewa kiwanja katika mstari wa tatu. Aliomba abadilishiwe, apewe kilicho kando ya barabara. Walimkubalia, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyetaka vumbi. Landirova likipita kwa kasi, alisikia yowe tu, kama walivyosikia majirani, na majirani walikuwa wameshazoea kuinua sauti wakati huo ili mazungumzo yasikatike. Lakini mbele ya kiwanja chake palikuwa na korongo, na gari likilivuka polepole, maneno yalisikika wazi.

Mara ya kwanza lilipovuka lilikuwa limebeba milango iliyong'olewa kwenye nyumba za watu, na juu ya milango ameketishwa mzee aliyefungwa mikono. Alikuwa na damu sikioni. Aliinama pembeni, akasikiliza gurudumu, kisha akamwamkia Lugembe kwa Kinyamwezi, kama watu wanaokutana njiani.

Apolinaria alisimama mpaka mumewe alipomaliza kusema. Kisha akarudi kwenye foleni ya maji.